Pembe za Marehemu na Besi ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 4

Shemeji ametangaza vita. Tena ndani ya nyumba yangu, akiwa ameshika kikombe changu.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mpima ardhi mstaafu. Miaka arobaini kapima viwanja vya watu, sasa anapima masikio yetu. Jana Jumapili tumekaa tunasikiliza santuri, kama tunavyokaa kila Jumapili mwaka wa kumi na moja huu, akasema spika zangu zinaimbia puani. Akaongeza kwamba kila zikianza, yeye hungoja zitaje bei ya dawa ya kunguni.

Wakacheka. Kinyozi alicheka mpaka akamwaga chai. Seremala akacheka kwa mabega. Na Mkunga naye akacheka, shoga yangu wa tangu ujana, aliyewapokea wanangu wote wanne kwa mikono yake. Hapo ndipo paliponiuma.

Spika zenyewe si za kuchekwa. Marehemu alikuwa mwendesha filamu. Jumba la sinema lilipofungwa wenzake walibeba viti, yeye akabeba spika mbili za pembe, kila moja mdomo wake sawa na beseni la kuogeshea mtoto. Bati nene, koo refu. Mwimbaji akitoka humo ni kama anakuita wewe, kwa jina, akuulize kwa nini hukusalimia jana.

Shemeji ana spika mpya. Ndefu, nyembamba, zimesimama ukutani kwake kama washitakiwa. Rai yake: Jumamosi tusikilize kwake, Jumapili kwangu, santuri zile zile. Halafu wale watatu wasio na spika za maana wachague Jumapili zetu ziwe wapi kuanzia sasa. Kinyozi akakubali. Seremala akakubali. Mkunga akaangalia dari, akakubali.

Zikihama, mimi nabaki na nini? Mkeka na ukuta. Siku sita za wiki nazivumilia kwa ajili ya hiyo ya saba.

Hazihami.


Jumanne, tarehe 5

Kusema kweli, puani kidogo zipo. Hili naliandika humu tu.

Marehemu alinieleza sababu. Koo la bati hulia lenyewe likipitiwa na sauti, kama sufuria ukiigonga. Dawa yake ni kulivika kitu kizito. Seremala hutumia lami. Lami sina. Unga wa ngano ninao.

Nikakanda vizuri, mgumu. Nikazivika pembe zote mbili kwa nje, unene wa kidole. Nikaweka santuri. Pua imekwisha! Nikacheza peke yangu sebuleni, na goti hili hili bovu. Nikazisogeza dirishani zikauke.

Alasiri wakaja sisimizi. Wakala kwa nje, wakaona haitoshi, wakaingia kooni. Nilipoweka santuri tena walitoka wote kwa mstari, bila kusukumana, kama watu filamu ikiisha.

Mkamwana, mke wa kitinda mimba wangu ninaokaa nao, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akauliza kwa adabu zote, mama, hizo pembe tutazila kwa chai au kavu. Nikamwambia akamnyonyeshe mjukuu wangu.

Nimekwangua kwa kisu mpaka mkono umekufa ganzi. Pua imerudi.


Jumatano, tarehe 6

Mjue adui yako. Nimekwenda kwa Shemeji.

Miezi minane tangu anunue hizo spika nimekataa kukanyaga kwake. Alipoona ni mimi, uso ulimng'aa kama mtoto, nikamkasirikia zaidi. Akanipa kiti cha kati, ndicho cha msikilizaji. Kinyozi alikuwepo, macho kayafumba. Siku hizi anashinda huko kuliko kwenye kiti chake cha kunyolea watu.

Santuri ikapigwa. Nikasubiri. Matoazi yanang'aa, unayahesabu moja moja. Haya. Lakini besi iko wapi? Gitaa zito limekonda kama limetoka kulazwa. Na mwimbaji hujui kasimama wapi. Mara yuko dirishani, mara nyuma ya kisogo changu. Mwimbaji gani huyo anayetangatanga kama anadaiwa mahari?

Nikauliza. Kinyozi, macho bado kafumba, akasema huko kutangatanga kunaitwa upana, na masikio yaliyozoea kufokewa hayawezi kuuelewa. Shemeji akanifunza kwamba besi ya kweli haisikiwi, huhisiwa. Nikajaribu kuhisi. Nilihisi njaa.

Nilitoka nikiimba. Nimeshinda! Zile si spika, ni vijiti. Vya kisasa ndivyo vilivyo, vyembamba sura mpaka sauti.

Kinyozi akanifuata mpaka barabarani kunitoa wasiwasi. Akasema nisipate tabu ya kufagia kwa ajili ya Jumapili. Kura yake ni ya Shemeji, na Seremala naye kamwahidi. Besi hawana na hawajui kama hawana! Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi ubaya wa zile spika hautoshi. Lazima uongezwe mpaka Kinyozi ausikie.


Alhamisi, tarehe 7

Imefanyika.

Mimi shule sikwenda. Herufi nilifunzwa na marehemu kwenye lebo za santuri, na waya nilifunzwa siku hizo hizo. Somo la kwanza lilikuwa hili: kila spika ina waya mbili, na spika mbili lazima zifungwe sawa. Ukipindua waya za upande mmoja tu, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Zinakulana. Besi inakufa, na sauti haijui ikae wapi. Mke na mume wakivutana nyumba haisimami, alisema. Alikuwa na mifano mizuri yule mtu.

Asubuhi nikampelekea Shemeji maandazi. Mtu anakula mkate mkavu kila siku kama mfungwa, kakonda mpaka saa inamzunguka mkononi. Nikamwambia alete chai, na aichemshe vizuri. Alipoingia jikoni nikapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto. Waya zake zote nyeupe! Zile za kufungia taa, mpima ardhi mzima, hana hata alama ya hii ni ipi. Nikafungua, ya juu nikaitia chini, ya chini nikaitia juu. Nikakaza.

Kuinuka ndiyo ikawa kazi. Goti likagoma. Shemeji akatokea na sinia, mimi bado nimechutama kule kama kuku anayetaka kutaga.

Nikasema nimeangusha hereni.

Akaweka sinia chini, akapiga magoti naye. Akatafuta. Akasogeza zulia. Akatafuta nusu saa kitu kilichokuwa masikioni mwangu, chini ya kitambaa. Mwisho akatoa kitu uvunguni mwa kabati. Pini ya nywele. Akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaniambia ni ya mama watoto. Mkewe ana mwaka wa tatu kaburini. Akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akanywa chai yake.

Nikataka kurudisha waya. Wallahi nilitaka. Nilikuwa nimeshaanza kuinama.

Kinyozi akabisha hodi. Aliponiona akaniuliza kama pembe zangu zimeshapona mafua.

Nikainuka.


Ijumaa, tarehe 8

Sikai, silali, sili. Nimehamisha pembe mara saba. Pembeni zinanguruma. Katikati zinapiga kelele. Mlangoni zilisikika vizuri kuliko kote, ila mkamwana alishindwa kutoka kwenda kazini, akaniomba kwa upole nimpitishe dirishani mtoto.

Mkunga alikuja. Nikamwuliza kwa mbali, mtu akimwonea mjane, mjane mwenzake, inakuwaje. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu. Akasema miaka arobaini amewasikia wanawake wakimwambia hawajafanya kitu.

Ile pini inanijia kila nikifumba macho. Na yeye kwa nini aufunge kile kifungo mbele yangu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimelitafakari hilo neno mchana kutwa. Nimeona linamhusu Shemeji.


Jumamosi, tarehe 9

Sijui niandikeje.

Tulikaa. Shemeji kavaa koti. Mimi nimekaa nyuma, uso wa msiba tayari nimeuandaa, nimwonee huruma besi ikifa. Akashusha sindano.

Ngoma ikaingia sebuleni kwa miguu yake.

Kioo cha kabati kikatikisika. Gitaa zito likanenepa hapo hapo, likatembea sakafuni, likanipanda nyayoni. Na mwimbaji kasimama katikati, wima, mahali pamoja, ungeweza kumpa kiti. Seremala alishika mbao za kochi kuona kama zinatetemeka. Mkunga alitoa leso. Kinyozi, kwa mara ya kwanza, alifumbua macho.

Shemeji mwenyewe, kwa mshangao, akasema ni kweli alivyoambiwa na muuzaji. Spika mpya ni kama viatu vipya, lazima zivaliwe saa nyingi kabla hazijalegea. Leo zimeiva!

Zimeiva! Mimi ndiye niliyezipika!

Nimeelewa nikiwa pale pale, mguu wangu msaliti unapiga ngoma chini ya kiti. Waya zake zilikuwa zimepinduka tangu siku ya kwanza. Miezi minane alifunga vibaya, Alhamisi nikampindulia zikakaa sawa. Mwimbaji anayetangatanga, besi iliyokonda! Somo la kwanza kabisa la marehemu, nililikalia Jumatano kwenye kiti cha kati na sikulijua, kwa sababu nilikuwa nafurahi.

Na siwezi kusema. Nikisema nilizitengeneza, wataniuliza nilikuwa natafuta nini nyuma ya spika.


Jumapili, tarehe 10

Zamu yangu. Pembe ziliimba leo. Simsifii mtoto wangu kwa kuwa ni wangu. Ziliimba. Kwenye ule wimbo wa mwanamke anayeita mlangoni, Mkunga aliinuka nusu kwenda kufungua.

Kisha kura. Kinyozi: kwa Shemeji. Seremala alisema kwamba kwa sauti ya mtu hakuna kama pembe, ila kwa ngoma ni Shemeji, na yeye ni mtu wa mbao. Kwa Shemeji. Mkunga alinishika mkono kwanza, nikajua. Akasema nisimchukie, besi ya jana imemkaa kifuani mpaka leo asubuhi.

Watatu kwa sifuri.

Shemeji alianza kutushukuru. Akafika kwenye neno zimeiva. Mimi nimezaa wanne, nimezika mume, nimevumilia mengi. Hilo neno lilinishinda.

"Besi ile ni yangu," nikasema.

Nikamwaga yote. Waya, hereni, goti, yote. Nilipomaliza, ungesikia sisimizi. Seremala akamgeukia Kinyozi akamwuliza taratibu, ule upana, mwalimu, ule wa miezi minane, ulikuwa nini. Kinyozi akasema ana mteja anamsubiri. Jumapili. Akabaki kitini.

Shemeji akanigeukia. Nikangoja anifukuze, nikakumbuka nyumba ni yangu.

"Shemeji," akasema, "ulikuja kuniharibia ukanitengenezea. Siku ukija kunitengenezea, si utanizika kabisa?"

Wakacheka, na yeye akacheka, machozi yakamtoka. Akauliza ilikuwa spika ipi. Nikamwambia kushoto. Akatoa daftari lake la upimaji, akaandika. Seremala akasema kura inabaki pale pale, tumepigia sauti, hatukupigia tabia. Shemeji akasema kiti cha kati kitakuwa changu kila Jumapili, hakuna mwingine atakayekikalia.

Walipoondoka, Mkunga alikunja mkeka mwenyewe. Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema.


Jumanne, tarehe 12

Mkamwana amefunga kamba kutoka pembe ya kushoto hadi pembe ya kulia. Ameanika nepi. Alipoona ninavyomwangalia akasema alidhani sasa kuna nafasi.

Shemeji kanitumia salamu kwa Mkunga. Anataka kuzisogeza spika mbali na ukuta ila anaogopa kugusa waya. Anaomba fundi. Fundi ni mimi. Mtaa mzima umeshaniita fundi, tangu kwa muuza mkaa.

Mkunga akakaa, akanisihi. Dada, umepoteza sebule, umepata kiti. Yule mzee hana mtu. Nenda umfungie waya zake, ule naye maandazi, tusikilize muziki tupumzike. Maneno ya busara kabisa. Nimeyatafakari tangu asubuhi, na nakiri nilikosea.

Kosa langu ni hili. Nilikwenda kwa nia mbaya, mkono ukafanya wema. Mkono wangu ndivyo ulivyo, mkaidi, hupingana na moyo. Shemeji mwenyewe kalisema mbele ya mashahidi.

Basi leo nakwenda kwa moyo mweupe kama hizo nepi. Nimefunga maandazi kumi kwenye kitambaa. Nimechukua bisibisi. Nitamsaidia ya kushoto, nitamsaidia ya kulia, na amplifaya nayo nitaiangalia kwa ndani, kwa upendo wote nilionao.

Nimemwambia mkamwana aanue. Jumapili tuna wageni.