Nirjala Sthapit na Vita vya Kuukomboa Mwezi wa Baisakh

Njooni, enyi wa ghorofa ya juu na enyi wa ghorofa ya chini, tueni vikombe vyenu, zimeni simu zenu, na wewe unayecheka huko nyuma, koma! Nawahadithia vita alivyopigana Nirjala Sthapit, simba jike wa mji wetu wa Patan, mpekuzi wa programu zilizofungwa, asiyetishwa na dirisha jeusi. Mimi nilikuwepo, dawati la pili kutoka lake, na kama naongopa chai hii inipalie.

Kisa kilianzia kwenye mapenzi. Mchumba wake, Rojan, alikuwa amekuja likizo kutoka Doha, na likizo hiyo ilikuwa ikiisha pamoja na Baisakh, mwezi wa kwanza wa kalenda yetu. Ndoa haifungwi bila saa njema, na saa njema ya ukoo wa Sthapit hutolewa na mtu mmoja tu, mnajimu Guruju Asta Joshi, ambaye tangu aliposoma mstari wa siku nyingine katika kalenda ya karatasi akamwozesha mtu siku ya matanga, aliapa kutoamini kitu ila kompyuta yake. Na kompyuta hiyo, mwaka mpya ulipoingia, ikawa kila ikiulizwa habari za Baisakh inazimisha programu ya unajimu papo hapo.

Aliyeitunga programu hiyo alishahamia ughaibuni, hajulikani aliko, wala hakuacha maandishi aliyoitungia. Alikuwa kama mpishi aliyetoroka na mapishi akaacha wali mezani: ukitaka kujua kilichomo, onja.

Basi Nirjala akaileta programu hiyo ofisini asubuhi, akasimama katikati yetu, mkono kiunoni. "Jamani, nisikilizeni. Mimi sisubiri mwakani. Leo ama programu hii inasema, ama naivunja mbavu moja moja!"

Akainuka Prashun Karki, jemadari wa programu za ghali zenye picha na rangi. "Dada, utapigana na hilo dirisha lako jeusi? Mbona hata bibi yangu angelikataa! Chukua yangu."

"Yako inaijua Baisakh?"

Prashun akaifungua, akaitafuta Baisakh kila pembe, asiione.

"Yako inadhani mwaka mpya ni Januari. Kaa chini, kaka, unywe chai."

Silaha ya Nirjala ilikuwa debaga ya kale, chombo cha kusakia makosa ya programu, isiyo na picha wala vitufe, iliyokwenda kwa amri za kuandika tu katika dirisha jeusi. Iliweza kuikamata programu katikati ya hatua na kuipekua mifuko yote. Lakini siku iliziona kama tarakimu ndefu tu, zilizohesabiwa tangu zama za mababu, na nani angejua ipi ni Baisakh? Hapo shujaa akala kiapo kwamba ataiongezea amri mpya, jina lake patro, yaani kalenda, ili kila tarakimu iliyojificha ivuliwe ushungi na kutajwa kwa mwezi wetu na mwaka wetu.

Akaandika. Kibodi ikanguruma, chai ikapoa, bara, zile chapati nene za dengu alizoletewa na mamake, zikaliwa nami bila aibu. Akaijaribu amri kwa miezi ya nyuma, nayo ikajibu vyema hadi ilipofika mwisho wa Asar, mwezi wetu wa tatu. Pale debaga ikagoma: siku ya thelathini na mbili ni batili. Waundaji wake wa mbali hawakuwahi kuona mwezi uliovuka thelathini na moja, nao walikuwa wameweka mlinzi mlangoni, mstari wa kuikataa siku kama hiyo.

"Batili?" Nirjala akaisemesha skrini ana kwa ana. "Mama yangu kazaliwa tarehe thelathini na mbili Asar. Unataka kuniambia mama yangu hakuzaliwa?"

"Hajazaliwa bado!" akadakia Prashun.

"Na bara zake umezila?"

"Aliyezila ni huyu hapa!" akasema, akininyooshea kidole, nami nikainamia kazi yangu.

Kwa pigo moja shujaa akamfuta yule mlinzi. Kisha akaiachia programu ya Guruju itembee, akaikamata hatua moja kabla haijaanguka, akaiuliza: patro. Ikajibu kwamba Baisakh ya mwaka huu ina siku elfu tisa.

Ofisi nzima ikapiga kelele. Miezi yetu haina kanuni moja. Urefu wake hupangwa mwaka kwa mwaka, na mtunzi alikuwa ameuandika katika jedwali hadi mwaka jana tu. Jedwali lilipoisha, programu ikaendelea kusoma takataka zilizofuata. Nirjala akaupachika mstari uliokosekana, akawapigia Guruju na Rojan simu waje mara moja.

Guruju akaja, akavaa miwani, akabonyeza, akangoja. Programu haikuzimika. "Imesema Alhamisi ijayo, alfajiri. Hakuna nyingine mwezi huu."

Rojan akakunja uso. "Ndege yangu ni Ijumaa."

Nirjala, ambaye hakupepesa jicho mbele ya siku elfu tisa, akalia waziwazi. Kisha akajifuta kwa mkono wa sweta. "Basi tutakuwa mume na mke siku nzima, Rojan. Juzi hata hiyo hatukuwa nayo."

Na ijulikane kwa watakaozaliwa: wafalme wameteka miji, miji ikatekwa tena na wengine. Nirjala Sthapit aliiteka Alhamisi, akaolewa ndani yake, na hakuna jeshi lililoweza kumnyang'anya.