Utitiri wa Gumuruh

Jumatatu, 3 Juni
Huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Binti yangu Nining anasema nimekuwa nikifa tangu mvua za mwaka juzi, na kila asubuhi namaliza uji. Haidhuru. Kabla sijazikwa, jogoo wangu Gumuruh lazima amshinde jogoo wa jirani yangu Haji Odang katika mashindano ya kuwika Jumapili. Haji hushinda kila mwaka. Mji mzima wa Cianjur humpigia makofi!
Leo Gumuruh kaanza vizuri, sauti ndefu, ya kuvuta. Katikati akakata. Akajikuna. Utitiri! Banda zima!

Jumanne, 4 Juni
Nining kaniagiza kama mwanafunzi: toa fito za kulalia, mwagia nyufa maji yanayochemka, paka chokaa yenye maji ya tumbaku, ndani, nje, nyuma, kisha acha banda likauke. Na jogoo alale wapi?
Hapo akili ikanijia. Naandika kwa kuwa maiti hana haya. Utitiri hunyonya usiku, alfajiri hushuka kujificha kwenye mbao. Basi nimempeleka Gumuruh akalale kwa Haji. Ashushe mzigo huko! Haji kampokea kwa mikono miwili. "Karibu, Mwalimu. Mgeni wako ni wangu." Masikini.

Jumatano, 5 Juni
Nimepaka chokaa. Mbele tu, panapoonekana kutoka barabarani. Mgongo unauma. Nyuma pameegemea ukuta wa mianzi wa chumba changu. Nani atapaona? Nining kauliza kama nimepaka kote. Nikasema kote.

Ijumaa, 7 Juni
Sijalala. Najikuna kwapani, kiunoni, na mahali ambapo mtu aliyesomea ualimu Bandung hapaandiki. Nining kakunjua shuka. Vidudu vyekundu hadi godoroni! "Baba, nyuma ulipaka?" Nikakohoa. Kasema utitiri umekosa jogoo, umepenya mianzi kutafuta damu. Damu yangu! Mtu anayekufa!

Jumapili, 9 Juni
Uwanjani. Gumuruh amenona kwa Haji, manyoya yanang'aa. Nikachuchumaa kumchochea. Mkono mmoja ukapiga vidole, wa pili ukajikuna. Akanitazama tu. Kimya. Mtu akapaza sauti, "Mwalimu, hiyo ngoma gani unacheza?" Vicheko. Haji akaja, akainama, akapiga mluzi mdogo. Gumuruh akavuta sauti mpaka mwamuzi akasahau kuandika! Msaliti.
Tumekuwa wa pili. Wa kwanza, jogoo wa Haji. Hakujikuna hata kidogo.

Jumatatu, 10 Juni
Haji kaja na samaki wa kuchoma kwenye jani la mgomba. Kaniinamia sikioni. "Mwalimu, jogoo wako alikuja na utitiri. Nilimwogesha pale pale mlangoni. Nikanyamaza, watu wasikucheke."
Machozi yakanitoka. Nikaazimia kumwungamia yote, nife mwepesi. Nikafungua kinywa.
Nining akaniwahi. Akasema kesho anamwagia chumba changu maji ya moto na kupaka chokaa hadi chini ya kitanda. Sasa Baba atalala wapi? Haji kasema, "Kwangu, ndugu yangu. Hata mwezi."
Chumba chake cha wageni nakijua. Ukuta wa mianzi. Upande wa pili, banda la bingwa.
Maungamo yatasubiri kidogo, afya yangu imepata nafuu. Nimemshukuru Haji sana. Nimemwambia asihangaike na matandiko. Naenda na godoro langu.