Malalamiko Kuhusu Kukatazwa Kupeana Pole Mteremkoni

Bertrams, Johannesburg

Ndugu Mkuu wa Shule ya Kuteleza kwa Ubao,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi pia ni mzima, isipokuwa kiuno, goti la kushoto na heshima yangu. Naitwa Bakiri, fundi cherehani, mtu wa Tanga, baba wa mwanafunzi wako Yasmin. Binti huyu anataka kwenda Lesotho na wenzake likizo ya Julai, akateleze kwenye theluji ya kweli. Nilimwambia siwezi kuruhusu nisichokijua. Kwa hiyo Jumamosi nilikuja mwenyewe kujifunza, na haya ndiyo yaliyonikuta:

1. Nilifungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja. Ndugu Mkuu, kwetu anayefungwa hivyo ni mbuzi, tena siku ya Idi, na hakuna anayetarajia ajifunze chochote.

2. Mwalimu wako Moffat, kijana Mkenya mwenye adabu zake, alianza kwa kunifundisha kuanguka. Nimeishi mji huu miaka mingi. Kuanguka nilikuwa nakujua. Nilipoanguka alipiga makofi: "Poa sana, mzee! Anguka tena!" Mtu mzima yuko chini mbele ya bintiye, anashangiliwa!

3. Mke wangu Zuhura, aliyekuwa benchini na chupa ya chai, hakuvumilia. Alipanda lile zulia lenu la plastiki la mteremkoni, mnalolimwagia maji liteleze badala ya theluji, aje kunipa pole kama alivyolelewa. Akaanguka. Mama Victoire, jirani yetu Mkongomani, akaja kumpa pole Zuhura, naye chini. Muungwana hampiti mtu aliyeanguka, kwa hiyo mlinzi wa geti naye alitufuata, tukawa naye chini. Hapo Moffat alipuliza filimbi na kutangaza kwamba kupeana pole mteremkoni ni marufuku. Nimepanga foleni nyingi za vibali katika nchi hii, nimekatazwa mengi, lakini pole ilikuwa bado.

4. Hili ndilo linaloniuma. Yasmin haanguki. Alinipita mara kwa mara, mikono ameikunjua, wala hakugeuka nyuma. Nyumbani namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Sasa amepata na njia ya kwenda mbali bila kupiga hatua. Naogopa, sifichi. Mtoto akishazoea milima ya Lesotho, Bertrams atarudi kufuata nini?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umfelishe. Mwambie ana miguu mifupi. Ukiona haya kusema uongo, sema baba yake amelichana zulia la shule; hilo ni kweli, chuma cha mkanda wangu ndicho kilicholichana.

Wasalimie walimu wote na wanafunzi wenzangu, hasa wale wadogo walionisubiri niondoke njiani. Mlinzi wa geti mpe pole yangu, lakini umpe akiwa getini.

Ni mimi, niandikaye nikiwa nimeegemea mto,
Bakiri

Nyongeza: Nimemaliza kuandika, nikashindwa kuinuka kitini. Yasmin amekuja, amenishika mikono yote miwili na kuniambia, "Baba, usitazame chini. Tazama mimi. Polepole, nimekushika." Kiswahili chote hicho, na hakuna aliyemwomba. Lesotho aende. Jumamosi niwekee nafasi pembeni yake, na Moffat asifanye haraka kunifundisha.