Jiwe Lililozidi Umri

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu dunia imesajiliwa rasmi. Umri wake ni miaka elfu sita na ushei, cheti kimegongwa muhuri, na kitu chochote kitakachoizidi dunia umri kitahesabiwa kuwa kimedanganya na kitaondolewa katika majengo ya umma.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa makumbusho. Mama Vumbi, mtunza makumbusho, alilisoma akiwa na kitambaa chake cha kupangusia mkononi. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa katika miaka thelathini vumbi halikuwahi kulala chumbani mwake hata siku moja. Alijua papo hapo nani anaandamwa. Katikati ya chumba kile palikuwa na jiwe lenye alama ya samaki, mifupa yake yote ikihesabika, na chini yake kibao: miaka milioni tisini.

Mkurugenzi aliyetia saini tangazo hilo alikuja mwenyewe kulikagua jiwe. Alikuwa mtu wa nywele zilizopakwa rangi na magoti yanayolia kila apandapo ngazi. Lakini kwenye faili alikuwa na miaka hamsini na minne, kwa hati ya kiapo, na huu ulikuwa mwaka wa saba anayo hiyo hiyo.

"Mama, umeona wapi mtoto akamzidi mama yake umri?" aliuliza.

"Sasa litapelekwa wapi?"

"Litapondwa kokoto. Tunapanua maegesho. Kamati inakaa Alhamisi kulibariki jambo hili, na mumeo amealikwa kuwa shahidi wa kiimani."

Mama Vumbi alirudi nyumbani roho imemsinyaa. Mumewe, fundi seremala na mzee wa kanisa, aliamini siku sita na miaka elfu sita tangu utotoni, na hakuwahi kulionea haya. Juu ya jiwe lile walikuwa wamebishana mara nyingi mpaka chakula kikapoa, kisha wakalala salama.

"Siku sita, mke wangu," alianza kama kawaida yake.

"Wewe kabati moja linakuchukua wiki tatu."

"Ndiyo maana mimi si Mungu."

Jioni hiyo mkewe hakucheka. "Wanataka kulivunja," alisema. "Wanasema ni kwa ajili ya Biblia."

Mzee aliweka kijiko chini. "Na huyo samaki aliumbwa na nani? Aliumbwa na wao?"

Alhamisi kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano, Mama Vumbi akiwa ameketi nyuma. Mkurugenzi alifafanua Mbinu ya Vizazi: unachukua umri wa baba siku aliyozaa, unajumlisha na wa mwanawe, unaendelea hivyo hivyo mpaka ufike leo. Shahidi wa kiimani akaombwa athibitishe.

"Nathibitisha," alisema mzee. "Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka mia moja na thelathini. Sethi akamzaa Enoshi akiwa na mia moja na mitano. Hesabu hiyo naiamini, na nitazikwa nayo. Ila waraka wenu unasema mbinu itumike kwa kila kilichomo ndani ya jengo. Si na sisi tumo?"

"Mmo," alisema karani wa kamati, ambaye ndiye aliyeuchapa waraka.

"Mkuu wa masijala ni binti wa mkurugenzi. Ana miaka mingapi?"

Karani alifungua faili. "Arobaini na minane."

Mzee alihesabu kwa vidole, polepole, kama anayepima ubao. "Basi baba yake alimzaa akiwa na miaka sita."

Karani aliuliza kwa adabu kama aandike.

"Kwa Mungu yote yanawezekana," alisema mkurugenzi.

"Amina. Kwa Adamu sina shaka, ni kwako ndipo ninapokwama. Kama mbinu ni sahihi, wewe umepita sitini zamani, nenda ukapumzike. Kama haifai kukupima wewe, haifai kulipima jiwe la mke wangu."

Mkurugenzi alijifuta jasho, akakohoa kirasmi. Akaagiza kwamba Mbinu ya Vizazi isimamishwe mpaka dunia itakapowasilisha nyaraka halisi, na jiwe libaki lilipo. Mama Vumbi alifumba macho akamshukuru Mungu, yule yule wa mumewe.

"Na kwenye muhtasari," mzee aliuliza, "umri wako uandikwe hamsini na minne?"

"Uandikwe."

"Vizuri. Mimi nina sitini na mmoja, mke wangu hamsini na minane. Mbona sijasikia salamu?"

Mkurugenzi alitazama mlango, akatazama muhtasari. "Shikamooni," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Tangu siku hiyo mfagizi, mwenye miaka hamsini na mitano kamili, husimama na ufagio wake chini ya ngazi kila asubuhi, wala hana haraka. Mkurugenzi humwamkia, hupanda magoti yakilia, akamwamkia dereva, akamwamkia mpishi wa chai, na kustaafu bado hataki.

Juzi alipita chumba cha makumbusho akidhani hamna mtu. Alisimama mbele ya jiwe, akageuka huku na huku, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," alinong'ona.

"Marahaba," alijibu Mama Vumbi kutoka nyuma ya kabati, akaendelea kupangusa.