Ziwani au Milimani

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu amepata likizo! Alhamisi mpaka Jumapili. Muuguzi wa wodi ya watoto hapewi likizo, anaiokota. Tangu azaliwe binti yetu hatujawahi kulala pamoja mahali ambapo si kwetu wala si msibani. Nimefurahi kweli. Nimemkumbatia mpaka akalalamikia mbavu.

Anataka ziwani. Kuna vibanda vya wageni kule, vya kawaida tu, maji mbele, nyasi nyuma. Anataka kutia miguu majini, mtoto acheze, na mimi nikae pembeni yake. Nikamuuliza, kukaa tu? Akasema ndiyo, kukaa tu, hakumbuki mara ya mwisho aliponiona nimekaa.

Nikasema sawa. Na ilikuwa sawa, mpaka nilipofika studio.

Flashi! Mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, adui yangu wa kila siku. Ametundika dirishani picha kubwa kama mlango. Yeye na mkewe kwenye ile hoteli ya milimani, kando ya bwawa la kuogelea, wamevaa makoti meupe ya taulo. Anatabasamu utafikiri hoteli ni ya babu yake. Mteja akaitazama weee, kisha akaja kwangu kupiga picha ya kitambulisho. Akaniuliza na mimi huwa namtembeza mama wapi. Nikamjibu tunasafiri sana. Akauliza wapi. Nikamwambia asitikise kidevu.

Nimempigia meneja wa hoteli. Vyumba vimejaa, Ijumaa kuna harusi kubwa. Halafu akaanza kunung'unika, mpiga picha wao ameugua ghafla na chumba chake kiko wazi. Mungu hamtupi mja wake! Tumeelewana papo hapo. Nipige harusi, chumba tulale bure. Kazi ndogo tu, saa mbili tatu. Mke wangu hana haja ya kujua. Kilichobaki ni kumfanya achague milima kwa hiari yake mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umeanza. Studio kwangu watu bado wanapenda kupigwa picha mbele ya mapazia yaliyochorwa. La ziwa ni la zamani, limeota ukungu pembeni na mtumbwi wake umechanika. Hilo nimelitundika karibu na mlango, kwenye mwanga, ubovu wote uonekane. La milima nimeliongezea rangi asubuhi nzima. Kijani kibichi, jua, hata swala nimemweka.

Nikawaalika wote wawili waje kupiga picha. Mke wangu akasifu milima, akaniuliza yule mbuzi amefikaje huko juu.

Binti yetu tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hutembea mikono nyuma kama anayekagua mradi. Ana miaka minne. Alikagua milima, akapita. Alipofika kwenye ziwa akakaa chini mbele ya mtumbwi uliochanika, akavua viatu, akagoma kuondoka. Alisema anasubiri zamu yake ya kupanda. Mama yake alicheka mpaka akaketi naye. Wakakaa hapo wawili, miguu mitupu kwenye sakafu ya studio yangu. Wakaniita nami nikae. Nikawaambia ngoja kwanza nirekebishe taa.

Nikajaribu njia ya afya. Nikasema hewa ya milimani inasafisha kifua cha mtoto. Mke wangu akaniangalia kama anavyowaangalia wazazi wanaowanywesha watoto mafuta ya taa. Nikarudi kwenye taa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimependekeza kura. Haki itendeke! Vizibo vya soda: cha bluu ziwani, chekundu milimani, kila mtu atumbukize kwenye sufuria kwa siri. Mke wangu akakubali kwa furaha, maana alijua mtoto ni wake.

Alijua hivyo kwa sababu hakuwepo mchana nilipompa Mheshimiwa biskuti na kumweleza habari za farasi. Hoteli ina farasi mweupe, nimemwona kwenye tangazo lao. Nikamwambia ziwani hakuna farasi. Akafikiri sana, mikono nyuma. Akauliza farasi anaitwa nani. Nikasema atamchagulia jina mwenyewe.

Vyekundu viwili, cha bluu kimoja.

Mke wangu alikitazama kile kizibo chake cha bluu. Kisha akasema haya, wengi wape. Hakununa. Afadhali angenuna. Akaenda kupiga pasi shati langu la bluu, lile analolipenda, akisema nitalivaa kwenye mapumziko. Aliomba jambo moja tu, kamera ibaki nyumbani. Nikala kiapo. Niliapa kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika.

Kamera iko ndani ya begi la midoli, chini ya sungura.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefika. Ukungu! Milima ipo, kila mtu anasema ipo, lakini mimi nimeona mwisho wa mkono wangu tu. Baridi ya kung'oa meno. Mheshimiwa ameanza kukohoa. Sikusema lolote kuhusu hewa na kifua.

Farasi ni wa saruji. Ameshikiliwa na nondo mbele ya geti, sikio moja hana. Mheshimiwa alimzunguka mara kadhaa. Akamgusa. Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba huyu hali biskuti. Sijawahi kuona mtu mdogo akivumilia aibu ya mtu mkubwa namna ile. Akamwita Baba, eti kwa sababu naye hakai chini.

Jambo moja limenifurahisha. Bwawa la kuogelea ni kavu, limejaa majani, na mhudumu anasema halijatiwa maji tangu mwaka jana. Nikamuuliza, mbona Flashi amepigwa picha hapa majuzi? Nikamwonyesha kwenye simu, maana ile picha ya dirishani niliipiga nikaihifadhi. Akamkumbuka yule mama vizuri, alikuja na mama yake mzazi, wakanywa chai, wakaazima makoti ya taulo wapigane picha, wakaondoka. Mwanamume hakuwepo. Nikaikuza ile picha. Alaa! Kivuli cha mkewe kimeangukia kushoto, cha Flashi kulia. Amejibandika! Maji ameyabandika, na yeye mwenyewe amejibandika!

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu wa namna gani anajibandika kwenye mapumziko ya mke wake mwenyewe? Hana haya? Nikakimbia kumpasha mke wangu.

Nikamkuta mapokezi. Meneja alikuwa amewahi. Alikuwa anamwambia, mama karibu sana, mpiga picha yuko wapi, bibi harusi anamuulizia toka asubuhi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata chumbani. Mke wangu hakupiga kelele. Alifungua begi la midoli, akamtoa sungura, akanikabidhi kamera kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu mtoto wake. Akasema nisimcheleweshe bibi harusi. Akaniita bwana mpiga picha. Siku zote ananiita baba watoto, ingawa mtoto ni mmoja, kwa sababu ana matumaini.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa mbili tatu, nilisema! Nimeanza wakati bibi harusi anasukwa na nimemaliza shangazi wa mwisho aliposhushwa jukwaani. Kila ukoo ulitaka picha yake. Kisha kila ukoo ukagundua umemsahau mtu.

Adhuhuri ukungu ulifunguka kidogo. Niliwapanga maharusi kwenye nyasi. Bwana harusi alikuwa mgumu, amesimama kama amekamatwa. Nikamwambia amsogelee. Nikamwambia aweke simu mfukoni, amwangalie mwenzake kana kwamba hakuna mtu mwingine hapa duniani, asimuwazie mtu, asiwaze kesho. Akafanya. Bibi harusi akalengwalengwa na machozi. Picha nzuri mno!

Nilipoinua kichwa nikawaona wangu. Kwenye ngazi za jengo la nyuma, wamejifunika blanketi moja, wanagawana mkate. Mheshimiwa alinipungia mkono. Mikono yangu ilikuwa imejaa lenzi, nikampungia kwa kidevu.

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Alipopita karibu akaniambia kwa sauti ya chini, kumbe maneno hayo unayajua.

Sikuweza kula. Niliingia chooni nikajitazama kwenye kioo, shati la bluu limelowa jasho na unga wa poda ya bibi harusi begani. Nilitaka kwenda kwenye zile ngazi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, wallahi. Ndipo ukoo wa bwana harusi ukamkumbuka babu.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumerudi mapema. Ndani ya basi mke wangu alitazama dirishani na mimi nikatazama kisogo chake. Nilimweleza habari za Flashi na kivuli, nikidhani atacheka. Akasema nyani haoni kundule. Sikuona linahusiana vipi.

Nikaenda studio nikakaa mbele ya lile pazia la ziwa. Ubaya wa moyo wangu mimi ndiye ninayeujua. Kitu alichotaka kilikuwa kidogo, hata mtumbwi hakuuomba. Alitaka nikae. Nilikuwa na siku nne za kukaa na mtu niliyemtongoza mwaka mzima ili akubali kukaa nami.

Nikiwa bado hapo, akaingia. Akasema bado siku moja. Kesho asubuhi anakwenda ziwani, kwenda na kurudi, pamoja na dada yake na mtoto. Shemeji ameshashika viti vinne kwenye basi. Nne! Akasema hataki mpango, hataki mshangao, hataki hoteli. Nije mikono mitupu. Jumatatu anarudi wodini, na likizo nyingine Mungu ndiye ajuaye. Akanifuta ule unga begani, ambao nilikuwa sijaufuta tangu jana, akatoka.

Nililia. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nitakwenda! Kesho mikono mitupu!

Baadaye. Meneja amepiga simu. Familia ya bwana harusi inataka picha zilizosafishwa kesho adhuhuri. Nikamwambia haiwezekani, nina familia. Akasema anasikitika, maana mdogo wake ana hoteli kule ziwani, ya kisasa, ina boti, na angetupa chumba siku mbili bure kabisa.

Siku mbili! Nikapiga mahesabu. Kesho ni kutwa tu, jua na vumbi la njiani. Nikivumilia kesho, nitampa ziwa siku mbili na boti juu yake. Si ndicho alichotaka? Atafurahi kupita kiasi. Sitamwambia sasa, nitaharibu mshangao. Nitamaliza picha alfajiri niwahi basi. Nikichelewa, nitawafuata.

Jumapili, 10 Agosti

Nimechelewa.

Shemeji anasema walisubiri. Anasema Mheshimiwa alisimama mlangoni mwa basi, mikono nyuma, akamwamuru dereva asiondoke kwa kuwa baba yake anakuja. Dereva akamtii kwa muda. Abiria wakaanza kupiga kelele. Mke wangu hakunipigia simu hata mara moja. Shemeji ndiye aliyepiga, nami nikamwambia niko njiani. Nilikuwa nimebakiza shangazi wawili na babu.

Saa sita nikatuma picha. Meneja akashukuru sana. Nikamkumbusha chumba cha ziwani. Akasema bila shaka, lakini mdogo wake bado anajenga, paa litawekwa mwakani.

Nilikaa. Hatimaye nilikaa! Peke yangu, kwenye kigoda cha wateja, nikitazamana na mbuzi wangu wa milimani. Basi la kwenda ziwani lilikuwa limebaki moja la mchana. Nikachukua ufunguo. Nikavaa shati la bluu.

Simu ikalia. Shemeji amenitumia picha. Mke wangu na Mheshimiwa wameketi ukingoni, miguu majini. Maji yametulia. Mke wangu ana uso ambao sijauona muda mrefu, wa mtu aliyepumzika na kuhuzunika kwa pamoja. Na katikati yao wameacha nafasi. Shemeji ameandika kwamba mtoto amekataza mtu yeyote asikae hapo, anasema hapo ni pa baba.

Nikaitazama ile nafasi. Pana vizuri, sawasawa na mabega yangu.

Sawasawa kabisa!

Nikarudisha ufunguo mezani. Nikatundika pazia, nikaweka kamera ijipige yenyewe, nikakaa mbele yake, suruali nimeikunja, miguu kwenye beseni la maji. Shati la bluu limetoka vizuri ajabu. Nikajikata kwenye kompyuta, nikajiingiza katikati yao. Jamani, kazi! Mkono wangu mmoja nimeupitisha nyuma ya mgongo wa mke wangu. Kosa la Flashi lilikuwa kivuli, mtu hana umakini. Mimi kivuli changu nimekiangushia kushoto pamoja na vyao. Nani atasema sikuwepo?

Honi ya mwisho ya basi la mchana nimeisikia nikiwa kwenye vidole vya miguu. Vidole majini ni kazi ngumu.

Nitaichapa kubwa, kubwa kuliko ya Flashi, niitundike sebuleni kabla hawajarudi. Akifungua mlango aione. Atasahau yote.

Kasoro ni moja tu. Mheshimiwa haangalii kamera wala haniangalii mimi. Amegeuka kabisa, anatazama barabarani kule basi linakotokea. Si neno. Bado nina saa nzima, nitamgeuza.