Mshale Uliokataa Kulala

Jumatatu, 3 Juni

Bomba limekohoa asubuhi, likatema kutu, likanyamaza. Mke wangu alikuwa na mashuka ya nyumba nzima ya wageni kwenye povu. Yeye ni dobi, na dobi bila maji ni mtu aliyekaa tu na nguo za watu. Sababu tunaiona kwa macho: maghorofa mawili mapya mwisho wa mtaa, kila nyumba na bafu lake, na wote tunanyonya bomba moja lililotandikwa mke wangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa mwenye maghorofa anataka kujenga la tatu.

Mke wangu hakugomba. Amesema tu kwamba mambo yakiendelea hivi, mwisho wa mwezi anahamishia mabeseni kwa dada yake, ng'ambo ya mji, na anayetaka kufuata nguo afuate. Dada yake ana mbwa asiyenipenda. Nadhani alifundishwa na mwenyewe. Nimeogopa kweli.

Jumanne, 4 Juni

Habari njema. Injinia wa maji anakuja Jumamosi kupima nguvu ya maji, na atapimia uani kwetu, maana sisi ndio wa mwisho kwenye bomba. Mshale wa kipimo ukilala, ghorofa la tatu halipati kibali mpaka bomba kubwa litandikwe.

Nikapata wazo kabla ya kumaliza chai. Nikigonga sufuria, kila nyumba ifungue mabomba yote kwa pamoja. Mshale utalala kama mgonjwa. Si udanganyifu. Ukweli umechoka, mimi naushika mkono tu.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara hajapenda. Kasema injinia aje asubuhi yoyote ya kawaida bila kupigiwa sufuria, atajionea. Wivu huo. Anautaka uenyekiti wa mtaa, na anajua mimi pia nautaka.

Jumatano, 5 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikawaambia, na wote wakaitikia. Baba wa mapacha ameuliza kama aoshe mapipa yake. Nimemwambia hiyo ni hiari yake. Nesi anayepanga ghorofa ya nne, jengo jipya, amekubali haraka kuliko wote. Kumbe hata wao hubeba ndoo ngazi zote zile. Bafu lake analitumia kuhifadhi viatu.

Mama mkwe tu ndiye aliyenisumbua. Ameuliza hayo maji yakifunguliwa yataingia kwenye nini. Nikasema yatamwagika chini. Alinitazama mpaka nikatoka kwenda kuangalia kuku, na hatufugi kuku.

Ijumaa, 7 Juni

Hamasa ya ajabu! Mtaa umejaa mapipa, madumu, makarai, hata beseni la kuogeshea mtoto liko kibarazani. Kila bomba limefunguliwa linadondosha, na chini yake kuna chombo. Nimemuuliza jirani, akajibu haba na haba hujaza kibaba. Nikampongeza kwa kujiandaa. Kiongozi mzuri huonekana kwa watu wake.

Fundi cherehani kapita akanikumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwitikia kwa adabu. Suruali yangu bado iko kwake.

Jumamosi, 8 Juni

Siandiki mengi.

Injinia kaja, shati jeupe, kalamu mfukoni. Akafunga kipimo chake kwenye bomba la uani. Nikagonga sufuria. Mshale ukapanda. Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi. Ukapanda tena. Injinia akaniuliza kwa upole kama ndani kuna mgonjwa wa akili. Nikasema ni mimi, napenda muziki.

Nikakimbia barabarani. Mtaa mzima umetulia, watu wamekaa vibarazani wananipungia mkono. Kumbe vyombo vyote vilikuwa vimeshajaa. Sufuria ilipolia, kila nyumba ikafunga koki na kukaza, maana aliyekulia mtaa huu hawezi kutazama maji yanamwagika chini, hata umlipe. Kwangu mwenyewe, mama mkwe alikuwa ameikalia koki ya jikoni kwa kiti.

Niliporudi, injinia alikuwa anafungua kipimo. Maji yakamrukia kifuani, yakabeba na kalamu. Akanipa mkono huku anachuruzika maji. Kasema alikuja tayari kukataa, lakini kwa nguvu hii hata ghorofa la nne linawezekana.

Mke wangu kaanza kupanga mabeseni, dogo ndani ya kubwa.

Jumatatu, 10 Juni

Juzi injinia, kwa kuwa alikuwa amelowa, alivuka barabara kwa fundi cherehani kupigiwa shati pasi. Fundi, huku anapiga pasi, kamwambia aje Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wanaoga na kupika, bila kumwambia mtu. Leo kaja kweli. Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza. Mshale haukutikisika. Palepale kaandika kwamba hakuna ghorofa la tatu kabla ya bomba kubwa.

Mke wangu kayapangua mabeseni na kuyarudisha uani. Nimefurahi hadi nikamsaidia kuanika, naye hakunikatalia.

Mtaa unamshangilia fundi. Sawa. Lakini nauliza: nani alimlowesha injinia?

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka na jambo kubwa zaidi. Chemba ya maji machafu hapo kona inafurika, maghorofa yameizidi. Bwana afya anakuja Ijumaa kuikagua. Fundi cherehani kashauri aje tu aitazame, maana inanuka yenyewe. Hana upeo yule.

Nimeshapita nyumba kwa nyumba, hadi kwa nesi ghorofani. Nikigonga sufuria, mtaa mzima utavuta vyoo kwa pamoja, naye atakuwa amesimama juu ya mfuniko aone ukweli. Nimewaomba wajizuie tangu Alhamisi jioni. Mama mkwe ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia atulie. Safari hii hakuna wa kujaza mapipa mapema.