Ungamo Ndani ya Bodi ya Palak

Jumatatu, 1 Novemba 1999. Magwagwa.

Kompyuta imefika. Msichana Palak ameiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, katika duka la baba yake mjini Kisii. Nilimtazama nikiwa kwenye kiti cha wateja. Sijaona mikono kama ile tangu nistaafu ualimu. Hakulazimisha kitu. Kila waya ulikwenda mahali pake kama mwanafunzi anayejua dawati lake.

Mke wangu, Bochaberi, nimemwambia ni ya kuandika historia ya kanisa. Uongo. Daktari amesema moyo umechoka, huenda nisiione Pasaka. Kabla ya hapo lazima niungame kwa jirani yangu Abner. Mpango ni safi: ungamo likae ndani ya mashine, lisomwe baada ya mazishi, wakati Abner hawezi kuniuliza lolote. Karatasi haifai. Bochaberi husoma kila karatasi ya nyumba hii, hata iliyofungiwa sukari. (Shajara hii hukaa ndani ya redio mbovu.)

Jumanne, 2 Novemba.

Limekwisha. Kurasa mbili, kwa kidole kimoja. Ukurasa wa kwanza: mwaka 1949, mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, nilinakili hesabu zote za Abner. Msimamizi alipoona karatasi zimefanana, nikasema Abner ndiye aliyechungulia. Mimi nikaenda chuoni. Yeye akarudi kulima. Hajawahi kunilaumu. Kila Ijumaa hutuletea ndizi. Ukurasa wa pili tuuache kwanza.

Jumatano, 3 Novemba.

Redio yetu nyingine, ile nzima, imesema kompyuta nyingi hazitautambua mwaka 2000. Nitakufa roho yangu ikiwa ndani ya sanduku lisilojua tarehe. Nimekwenda kumpigia Palak simu posta. Ameeleza kwamba ndani ya bodi kuu kuna programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Iliyomo ni ya zamani kidogo. Mpya ipo, kwenye disketi moja. Lakini hashauri. Maandishi hayatapotea, tarehe tu itakosea, naye atakuja Januari airekebishe. Hatari ni kubadilisha: umeme ukikatika katikati, bodi haiamki tena. Mwalimu, akasema, mashine haiumwi, unaitafutia daktari wa nini?

Umri wake miaka ishirini na miwili. Ningekuwa bado mwalimu mkuu ningemwachia shule. Nimemsifu sana. Kisha nimemwagiza alete disketi Ijumaa.

Alhamisi, 4 Novemba.

Umeme wetu hukatika mvua ikinyesha, na mvua hunyesha kila alasiri. Huku juu mwenye jenereta ni mtu mmoja. Abner. Nimemtuma Bochaberi. Jibu: ataileta mwenyewe. Mimi nilitaka jenereta, si mwenyewe. Nitamketisha sebuleni, chai mkononi, kiti kikitazama dirisha.

Jumapili, 7 Novemba.

Ijumaa sikuandika. Sabato iliingia, na iliingia vibaya.

Palak alichelewa, akafika saa kumi na moja na nusu, matope hadi magotini. Jenereta ikakataa kuwaka. Abner, miaka sabini, akavua koti, akaifungua, akapuliza kitu ndani, akaifunga. Ikanguruma. Palak akamwuliza amesomea wapi. Akajibu kwamba alikosa nafasi ya chuo, basi akasomea shambani. Nikakohoa. Kwenye kile kiti cha sebuleni hakukaa hata dakika. Alitaka kumwona msichana akifanya kazi.

Palak akauliza mara ya mwisho: tuendelee, Mwalimu, au tuache? Nikasema tuendelee. Skrini ikaonya tusizime. Hapo hapo Bochaberi akaingia na kitabu cha nyimbo. Baba Mokeira, akaniita kwa jina la binti yetu, jua limezama, zima hicho kitu, au siku hizi wazee wa kanisa wana Sabato yao? Aliyejibu ni Abner. Mama Mokeira, ng'ombe akitumbukia shimoni hutolewa hata siku ya Sabato, tumtoe huyu kwanza, kisha tutaimba. Bochaberi akabaki amesimama, kitabu wazi. Mvua ikaanza. Taa za majirani zikazimika zote. Jenereta ya Abner ikaendelea kunguruma.

Mashine ikaamka. Palak akasogeza tarehe hadi mwaka 2000, ikakubali. Kisha, kwa uangalifu wake uleule ninaoupenda, akataka kuhakikisha hakuna kilichopotea. Akafungua maandishi pekee yaliyokuwemo. Herufi kubwa, kwa sababu ya macho yangu. NDUGU ABNER.

Abner alisoma ukurasa wote bila miwani. Mimi nimeshika kifua. Akasema hayo anayajua, Mwalimu, kwani katika mtihani ule yeye alikuwepo. Akasema ndizi zilikuwa kisingizio tu. Miaka hamsini amekuwa akinibishia mlango kila Ijumaa ili nipate nafasi ya kusema, nami kila Ijumaa nimesema asante kwa ndizi. Akanishika mkono. Nililia. Kisha nikazima mashine haraka, kabla ya ukurasa wa pili.

Tukaimba. Abner ana sauti nzito nzuri mno. Hilo pia nimelihusudu miaka hamsini.

Jumatatu, 8 Novemba.

Moyo mwepesi. Nimelala vizuri. Limebaki la ukurasa wa pili: mwaka 1974 nilisogeza ua wa mpaka wetu hatua nne ndani ya shamba la Abner. Kwa hilo hakuwepo. Hilo hajui.

Nimempigia Palak. Amenishauri nivuke huo ua nikamwambie, mzee ni mtu mwema. Msichana mwerevu, lakini hana mipango. Nimemwomba aufunge ukurasa huo kwa neno la siri. Amekubali, akipumua kwa nguvu kwenye simu.

Sasa neno la siri linahitaji kutunzwa na mtu mwaminifu kabisa, asiyechungulia, atakayevumilia hadi mazishi. Nimewapima wote, hata mchungaji. Amefaulu mmoja tu. Ijumaa, akileta ndizi, nitampa.